Tupeane uzoefu: mvua, joto, upepo na baridi wakati rangi ya modeli bado mbichi

Brashi Sufuri (Tanga)
Wakuu, salaam. Naandika nikiwa bado nimekasirika, mnisamehe.

Nina basi la mfano la sentimita 52 ambalo nimekaa nalo wiki sita. Bodi ni plastiki ngumu ya mabango, madirisha nimekata kwa wembe moja moja, mistari ya ubavuni nimeivuta kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope zangu. Ilibaki vanishi tu. Masika mnayajua, wiki nzima ilikuwa inanyesha. Jana saa mbili usiku ikakata, nikaona hii ndiyo nafasi, nikatoka barazani nikapuliza vanishi. Ilikaa vizuri, inang'aa kama kioo. Nikaingia kula. Kurudi, bodi yote nyeusi imekuwa na weupe, mithili ya kioo mtu alichokihemea. Nimefuta kwa kitambaa, haitoki. Weupe uko ndani ya vanishi, hauko juu.

Hebu tupeane uzoefu. Hali ya hewa imewahi kukuharibia nini, na ulifanyaje?

Mtu wa Mabasi (Mbagala)
Pole sana mkuu, hiyo naijua kwa uchungu. Huo ni unyevu. Vanishi ya kopo inapokauka ile tina yake inaruka hewani, na ikiruka inaondoka na joto la bodi. Bodi inapoa kuliko hewa iliyoizunguka, basi maji yaliyo hewani yanafanya matone juu yake kama yanavyofanya kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Vanishi inafunga, maji yamo ndani.

Usipige msasa! Subiri siku ya jua, saa sita au saa saba mchana, bodi iwe kavu kabisa na vuguvugu, halafu puliza koti moja jepesi la vanishi ile ile ya kung'aa. Ile tina mpya inalegeza koti la chini na unyevu unapata pa kutokea. Mimi imenikubali mara mbili kati ya tatu.

Nganya Ndogo (Nairobi)
Mara mbili kati ya tatu. Hiyo ya tatu ilikuwaje?

Mtu wa Mabasi
Ya tatu nilirudi kwenye praima, ile rangi ya kwanza ya msingi.

Mke wa Fundi (Mombasa)
Mimi huchukua mafuta ya zeituni tone moja kwenye kidole, nasugua taratibu pale penye weupe. Kwenye vanishi isiyong'aa inasaidia sana, weupe unapotea mbele ya macho yako.

Kaka Plaiwudi (Dar)
Mafuta kwenye modeli? Si utaikaanga hiyo. Vumbi lote la mtaa litakwenda kukaa hapo.

Mke wa Fundi
Kaka, nimesema tone moja, na unafuta baadaye. Sijasema umwagie. Jahazi langu lina miaka minne kabatini, njoo ulione.

Nganya Ndogo (Nairobi)
Basi wacha nimwage yangu. Mwaka juzi nilijenga nganya, yaani matatu ya Nairobi iliyopambwa, kila kitu humo ndani: viti, spika, taa za chini, grafiti nilichora mwenyewe kwa mkono ubavuni. Sehemu ya mbele nilimwachia jamaa aichape kwa mashine ya 3D, kwa ile plastiki yake iitwayo PLA. Nikaipeleka Mombasa kwa mteja, nikafika mapema, nikaiacha kwenye gari nikaingia kula. Gari limeegeshwa juani, madirisha yamefungwa, mwezi wa pili. Nilikaa saa moja hivi. Kufungua mlango nikaona nganya imeinamisha uso kama mtu anayesinzia. Plastiki hiyo ikikaribia nyuzi 60 inalegea, na ndani ya gari juani hufiki mbali kabla hujapata joto hilo, hasa kitu chenyewe kikiwa cheusi. Grafiti ilikuwa sawa, haikupasuka hata mahali pamoja. Ilijikunja pamoja na bodi. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nimeipakata, mteja akanikuta hapo.

Tangu siku hiyo modeli inasafiri kwenye boksi la thamokoli, lile povu jeupe gumu, miguuni pangu, sio kwenye buti.

Mtu wa Mabasi
Pole buda. Hii imeniuma.

Bi Matrah (Muscat)
Assalamu alaykum. Mie hujaza rangi vijiwatu vya plastiki vya sentimita tatu, askari na wapiga ngoma, kazi ya macho na pumzi. Hapa kiangazi kikishika, nyuzi 45 ni jambo la kawaida, na rangi ya maji inakaukia kwenye brashi kabla haijafika usoni kwa askari. Unachovya, unainua mkono, unagusa nyusi, brashi imekuwa kijiti. Ukipuliza nje mchana ndiyo basi kabisa: rangi inakauka ingali hewani, inatua kama unga wa semolina, ukipitisha kidole kunakwaruza.

Niliponea kwa sahani ya maji. Chukua kopo la chakula lenye kifuniko, tandika sponji, mwagia maji hadi yakaribie juu, halafu weka karatasi ya kuokea keki. Rangi iweke juu ya karatasi. Maji yanapanda kidogo kidogo na rangi inabaki laini hata siku mbili ukifunika. Ila badilisha maji, kwa joto letu yanavunda upesi.

Kupuliza ni baada ya sala ya Alfajiri, jua halijachomoza.

Mtu wa Mabasi
Samahani Bi Matrah, huku kwetu Alfajiri ndio unyevu wenyewe. Ukipuliza saa hiyo Dar unatafuta msiba kama wa Brashi Sufuri. Huku ni mchana.

Bi Matrah
Kila mtu na kwao mwanangu. Hata hapa, mwezi wa saba pwani ukiamka madirisha yanatiririka maji kwa nje, siku hiyo sipulizi. Natazama kioo kwanza. Kioo kikiwa kikavu natoka.

Theluji Tupu (Edmonton, Kanada)
Wakuu, nyie mnalia na joto. Mimi niliagiza chupa kumi na nane za rangi, mleta mizigo akaziacha mlangoni nikiwa kazini, nje hasi 30. Nilipofungua jioni zilikuwa mawe. Nikaziacha ziyeyuke mezani. Zilipoyeyuka nikafungua ya kwanza, nyekundu, nikaikoroga: mabonge huku, maji huku, kama maziwa yaliyokatika. Nimekoroga, nimetikisa, nimeongeza maji, wapi. Rangi ya maji ikishaganda ikakatika hairudi. Kati ya kumi na nane zilipona tatu.

Na kwenye kupuliza: kopo la spreyi likipoa presha inashuka, linatema matone badala ya ukungu. Naliloweka kwenye maji vuguvugu dakika tano, ya kuogeshea mtoto, sio ya moto. Modeli iko ndani, inatoka na kopo, napuliza sekunde kumi, narudi ndani mbio.

Wa Makete
Huku kwetu Juni na Julai asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda. Kopo langu la rangi ya maji limeandikwa usipake chini ya nyuzi 10, na ndani ya nyumba yangu kwa miezi miwili sifiki 10 mpaka saa tano asubuhi. Ukipaka haikauki, inajikunja tu kama ngozi ya uji. Baridi hii ni kazi.

Theluji Tupu
Nyuzi 10 kwetu watu wanavaa kaptura ndugu yangu.

Wa Makete
Kaka, wewe una mashine ya joto ndani ya ukuta. Ukifunga mlango unakaa na shati. Mimi nikifunga mlango nina jiko la mkaa na blanketi. Tusilinganishe namba.

Theluji Tupu
Umesema kweli. Naomba radhi.

Mke wa Fundi
Wa Makete, nakuomba kitu kimoja. Usipulize wala kupaka rangi ya tina na mkaa uko ndani na mlango umefungwa. Ile harufu ya tina inashika moto, na mkaa wenyewe unatoa hewa isiyo na harufu inayolaza watu moja kwa moja. Shemeji yangu alikuwa anapaka fremu za picha hivyo hivyo, tulimkuta ameanguka kando ya meza. Mungu alimnusuru kwa sababu mtoto alifungua mlango akitafuta chaja.

Wa Makete
Nimekuelewa dada. Mkaa nitautoa nje kwanza, nipake nyumba ikiwa bado na joto lake.

Kaka Plaiwudi
Si atumie draya ya nywele tu?

Mtu wa Mabasi
Draya inarusha vumbi, inakausha ngozi ya juu tu, ndani bado uji. Baada ya wiki inapasuka.

Kaka Plaiwudi
Natumia draya mwaka wa tano sasa.

Nganya Ndogo
Kwa umbali gani?

Kaka Plaiwudi
Mkono mzima, na moto wa chini kabisa.

Vumbi la Dodoma
Mimi mvua sina, baridi sina. Nina upepo. Agosti ukiacha modeli mbichi mezani, asubuhi ina ndevu. Namwagia sakafu maji, nasubiri vumbi litue, ndipo napaka, na nikimaliza nafunika kwa beseni.

Mwana Chole (Mafia)
Hilo la kufunika kwa beseni limenikumbusha jambo ambalo sijapata kuliandika. Vumilieni, ni refu.

Mie natengeneza vijahazi. Si vya kuuzia wageni, natengeneza vya watu wanaojua chombo, kwa hiyo ukikosea foromali, ile boriti ya tanga, unaambiwa. Mwaka 2024 mjomba wangu mmoja, nahodha wa zamani, alinituma nimtengenezee jahazi alilokuwa nalo ujanani, lililouzwa likavunjwa. Macho yake yalikuwa yanakwenda, mtoto wa jicho pande zote mbili. Alisema nataka kuliona kabla macho hayajafunga. Akinielezea kwa mikono: omo, mbele ya chombo, iko hivi, tezi, nyuma yake, imekatwa hivi, juu mstari mweupe, chini yake mweusi mtupu. Na macho mawili ya duara pale omoni, nyota ndani ya mwezi. Chombo chenyewe sentimita 45 bila mlingoti.

Ijumaa Mei 3 nilipaka weusi, rangi ya mafuta, koti nene kwa sababu alitaka weusi wa kuzama. Redioni walikuwa wanatangaza kimbunga Hidaya kinakuja, nasi tumezoea upepo wa kusi, hatukujua hiki ni kitu kingine. Usiku ule na kesho yake ndipo tulipojua. Mvua haikuwa inaanguka, ilikuwa inapita, imelala. Mnazi wa jirani ulikuwa umeinama hadi makuti yanafagia chini. Kisha bati la kwanza likang'oka juu ya chumba changu cha kazi, kwa mlio ambao hadi leo nikisikia mtu anakunja bati nashtuka.

Mama na wadogo zangu walikuwa wameshahamia nyumba ya mawe ya jirani. Nilirudi peke yangu kwa ajili ya jahazi. Sikatai, lilikuwa jambo la hatari na mama hajanisamehe sawasawa. Rangi ilikuwa mbichi kabisa, ukigusa inakuja na kidole. Nikaanua kanga ya mama iliyokuwa kwenye kamba, nikalifunga jahazi zima, nikatoka nalo kifuani. Uani pale jirani palikuwa na sufuria kubwa ya pilau ya kukodi, ilibaki ya arusi. Mlango wao ulikuwa umebanwa na upepo, haufunguki. Nikaliweka jahazi chini ukutani, nikalifunika na ile sufuria, nikaweka mawe mawili juu yake, nikazunguka nyuma nikagonga dirisha wanivute.

Ilipotulia nikaenda kufunua. Nyumba yangu haina bati hata moja, praima, brashi, vipande vya mvule, vyote vimekwenda na maji. Chini ya sufuria pakavu. Kanga nikaibandua taratibu, nyuzi zikatoka na rangi. Upande wa kulia ulipona. Upande wa kushoto, kutoka omo hadi tezi, umepigwa chapa ya kitambaa, ule msuko wa nyuzi mmoja mmoja, na mkunjo mmoja mrefu kama wimbi.

Bi Matrah
Subhanallah.

Nganya Ndogo
Mzee aliona?

Kaka Plaiwudi
Hapo pole sana, lakini kazi ya mteja ni kazi. Msasa namba 400 wa maji, kisha 800, unapaka upya. Hupeleki kitu chenye alama.

Vumbi la Dodoma
Kaka, mtu hana paa, unamwambia msasa?

Kaka Plaiwudi
Nasema baadaye, akishapata paa.

Mwana Chole
Kaka Plaiwudi yuko sawa, nami nilitaka kufanya hivyo hivyo. Nilimpelekea mjomba kwanza nimwombe miezi miwili. Alilipokea, akalipakata. Kwa macho hakuwa anaona kitu, alikuwa anasoma kwa vidole. Akapita upande wa kulia, kimya. Akapita upande wa kushoto, akasimama. Akauliza, "Huku kuna nini?" Nikamweleza. Akarudisha vidole pale penye mkunjo, akaufuata kutoka omo mpaka tezi, tena na tena. Akasema, "Usipapige msasa. Huku ndiko kulikokuwa na upepo."

Niliongeza macho na mstari mweupe, basi. Liko kwake mpaka leo.

Mtu wa Mabasi
Sina la kuandika.

Mke wa Fundi
Na kanga ya mama?

Mwana Chole
Ina jahazi jeusi katikati. Haitoki kwa tina wala kwa sabuni. Nilimnunulia doti mbili.

Theluji Tupu
Mwana Chole, lile jicho la omoni ulilichora na brashi namba ngapi? Nami nina jahazi hapa limekwama hapo hapo.

Mwana Chole
Sikutumia brashi. Duara niligonga kwa kifuniko cha kalamu, mwezi na nyota kwa mwiba wa ndimu.

Brashi Sufuri (Tanga)
Wakuu, narudi. Leo jua limetoka saa nne. Nimeliweka basi barazani hadi saa saba, plastiki ikawa vuguvugu, nikapuliza koti jepesi kama alivyosema Mtu wa Mabasi. Juu ya paa na ubavu wa kulia weupe umeondoka wote, nimeona ukiyeyuka. Nyuma pale penye taa pamebaki doa kama kucha ya kidole gumba. Mke wa Fundi, hayo mafuta ya zeituni unayaacha muda gani kabla ya kufuta?