Ukumbi wa maktaba Dar es Salaam: kioo bapa juu ya paa kinafaa?

Mwanafunzi wa Usanifu
Wakubwa zangu, shikamooni. Ninachora maktaba ya ghorofa mbili, mita 30 kwa 40, hapa Dar es Salaam. Mwanga wa madirisha hupenya takriban mara mbili tu ya kimo cha dirisha, hivyo katikati kutakuwa na giza. Nilitaka kuacha atriamu (uwazi unaopanda hadi paani) katikati na kuifunika kwa kioo bapa, lakini msimamizi wangu anasema nitawapika wasomaji. Je, hakuna namna?

Bi Msanifu
Marahaba. Msimamizi wako hakukosea. Kioo kilicholala kinawafaa watu wa Ulaya ya kaskazini, ambako mawingu ni mengi na jua hupita chini; Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na karibu Oktoba 10 jua la adhuhuri husimama utosini. Inua paa la katikati, kisha uweke vioo wima chini ya upenu. Upande wa kusini ndio rahisi kukingwa, kwa kuwa hata Desemba jua la saa sita huwa juu kiasi cha nyuzi 73, na upenu wa theluthi moja ya kimo cha kioo unatosha. Kaskazini, ambako mwezi Juni jua hushuka hadi nyuzi 60, utahitaji zaidi ya nusu ya kimo hicho.

Fundi Paa
Naongeza kwamba kioo cha wima hakisumbui kwa kuvuja kama kilicholala. Na usishawishike na bati za plastiki zinazopitisha mwanga: nimeziondoa kwenye maghala zikiwa zimegeuka manjano kwa jua.

Mwanafunzi wa Usanifu
Ahsanteni. Hesabu hiyo ya upenu ni ya saa sita; asubuhi je?

Bi Msanifu
Swali zuri, nami nililiruka. Desemba jua huchomoza kusini-mashariki, likapiga kioo cha kusini kwa ubavu, kwa hiyo weka mapezi ya kusimama (vibao vya wima vya kukinga jua) kati ya vioo. Sehemu ya juu iwe na matundu ya kutolea hewa moto. Kuta za atriamu zipake nyeupe, kama chokaa ya kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba za kale za Lamu, ili mwanga urukeruke hadi ghorofa ya chini.