Naomba ushauri: yungiyungi jeupe la Luchelele ni jamii gani?

Habari za leo ndugu zangu. Naomba msaada wa kutambua mayungiyungi mawili ya pwani ya ziwa huku Luchelele, Mwanza, kwenye maji tulivu nyuma ya matete.

La kwanza halinipi shida. Ua ni la samawati, linachanua mchana, na ukingo wa jani una mawimbi tu. Nimeliandika Nymphaea nouchali.

La pili ndilo limenikwamisha. Ua ni jeupe, na wenzangu wote wanasema ni Nymphaea lotus. Lakini lotus huchanua jioni na kufunga asubuhi jua likishapanda, na jani lake lina meno makali pembeni kama msumeno. Hili saa sita mchana bado liko wazi kabisa! Jani nimeligeuza: lina meno machache butu karibu na mpasuko, kwingine ni laini. Tena kila stameni (kiungo cha kiume cha ua, chenye chavua) ina kijincha kidogo cheupe juu yake, sawasawa na lile la samawati.

Nimelinganisha na picha za mtandaoni, ila nyingi zinaonyesha ua kwa juu tu, jani halionekani vizuri.

Maswali yangu: je, hii inaweza kuwa nouchali yenye ua jeupe, na ni alama ipi niiamini zaidi, ukingo wa jani au stameni? Pili, ua lenye maji mengi hivi mnalikaushaje kwenye magazeti bila kuoza? Nataka kuhifadhi sampuli kabla magugumaji hayajaziba sehemu ile.