Mfuko wa kupimia damu baada ya kujifungua: je, jicho la mkunga halitoshi?

MkungaWilayani
Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu kuhusu jambo linalotugawa wodini. Mimi ni mkunga katika hospitali ya wilaya. Tangu tuletewe mifuko ya plastiki yenye mistari ya vipimo, ile inayotandikwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, wakunga wakongwe wamekuwa wakisema kwamba wamezalisha nusu ya wilaya bila mfuko wowote na kwamba damu nyingi hujulikana kwa kuitazama. Tumeelekezwa pia kwamba mama akitokwa na damu kupita kiasi tusikande kizazi kwanza, tukasubiri, tukatoa dawa, tukasubiri tena, bali tufanye yote kwa mkupuo mmoja. Muuguzi aliyehamia kwetu kutoka wodi ya watoto ameongeza swali lililotushinda: ikiwa utafiti ulishaonyesha kwamba dripu ya kasi inaweza kuua, imeingiaje katika utaratibu huu? Ningependa kujua ushahidi wenyewe una uzito gani, kwa sababu kusema "wataalamu wameagiza" hakutanisaidia kwenye kikao cha asubuhi.

Mkufunzi_Ukunga
Mkunga mwenzangu, utaratibu huo ulijaribiwa katika utafiti uitwao E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania. Hospitali takribani 80 zilipangwa kwa kura, nusu ziufuate utaratibu mpya na nusu ziendelee na mazoea yao, na akina mama zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida wakafuatiliwa. Waliopatwa na tatizo kubwa, yaani kupoteza damu ya lita 1 au zaidi, kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au kufariki kwa sababu ya damu hiyo, walikuwa asilimia 1.6 kwenye utaratibu mpya na asilimia 4.3 kwenye ule wa zamani.

Kuhusu jicho la mkunga, waonyeshe wenzako takwimu hii: katika hospitali zilizoendelea na mazoea yao, takribani nusu ya akina mama waliovuka kiwango cha hatari, yaani mililita 500 za damu, hawakutambuliwa na wahudumu, ilhali penye mfuko wenye mistari walitambuliwa asilimia 93. Linganisho lilikuwa la haki, kwa sababu hata hospitali za upande wa pili zilitandika plastiki ya kukusanyia damu, isipokuwa haikuwa na mistari, na damu ikapimwa baadaye kwenye mizani. Sijui jicho gani linaweza kubishana na mizani.

Dkt_Kizazi
Nakubaliana na mkufunzi, lakini naomba tusiupe mfuko sifa zisizo zake. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa nchi 13 za Ulaya, uitwao EUPHRATES, ambamo mfuko wa kukusanyia damu ulitumika peke yake bila mpango wowote wa matibabu ulioambatana nao, na idadi ya waliotokwa na damu nyingi sana haikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Tofauti ya E-MOTIVE ni kwamba damu ikifika mililita 500, au mililita 300 pamoja na dalili nyingine za hatari, hatua zote huanza papo hapo: kukanda kizazi, oksitosini (dawa ya kukaza kizazi), asidi ya traneksami (dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke), dripu, na kumkagua mama kutafuta chanzo cha damu. Ukiusoma mstari kisha ukaenda kutafuta ufunguo wa kabati la dawa, umerudi Ulaya ya 2010.

Naongeza tahadhari moja. Vifo vilivyotokana na damu katika E-MOTIVE vilikuwa vichache pande zote mbili, kwa hiyo utafiti ule haukuthibitisha peke yake kwamba vifo hupungua. Ushahidi wa vifo tuutafute kwenye utafiti wa WOMAN wa 2017, uliohusisha wanawake 20,060 waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua: waliopewa traneksami ndani ya saa 3 tangu kujifungua, waliofariki kwa kutokwa na damu walikuwa asilimia 1.2, dhidi ya asilimia 1.7 kwa wasiopewa. Baada ya saa 3 faida hiyo haikuonekana. Ndiyo maana kusubiri kati ya hatua na hatua kumekuwa na gharama.

NesiWatoto
Swali la dripu linatokana na utafiti wa FEAST wa 2011, ambao hospitali za Kilifi, Kenya, na Muheza, hapa Tanzania, zilishiriki pamoja na za Uganda. Watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waliomiminiwa maji ya mshipani kwa kasi walifariki kwa kiwango cha takribani asilimia 10.5 ndani ya saa 48, huku wasiomiminiwa wakifariki asilimia 7.3. Wengi hatukuamini, kwa kuwa tulikuwa tumefundishwa kinyume kabisa. Hata hivyo, watoto wale hawakuwa wakivuja damu, na hata wenye kuharisha sana hawakuingizwa katika utafiti. Mama aliyemwaga nusu lita ya damu ana upungufu halisi wa kurudishiwa. Matokeo ya FEAST yabaki kwa wagonjwa walewale waliochunguzwa.

MkungaWilayani
Nawashukuru sana. Limebaki moja: mifuko tuliyopewa haitamaliza hata robo ya mwaka. Ikiisha tufanyeje?

Mkufunzi_Ukunga
Pimeni pedi na vitambaa vilivyolowa kwenye mizani, mtoe uzito wake vikiwa vikavu, na gramu 1 ihesabiwe kuwa mililita 1 ya damu. Huko Kigoma, katika utafiti uliochapishwa 2005, wakunga wa jadi walifundishwa kwamba kanga mbili zikilowa damu, mama apewe misoprostoli, dawa nyingine ya kukaza kizazi, nao waliweza. Dawa zote muhimu, pamoja na vifaa vya dripu, ziwekwe kwenye sanduku moja ndani ya chumba cha kuzalishia, isipokuwa oksitosini inayohitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na kila zamu ijulikane ni nani anayeikimbilia.