Dufu ruksa, taarabu laana: mpaka uko wapi?

NAHODHA:
Wakuu, salaam. Jumamosi tulikuwa arusini Tanga. Pilau imeliwa, udi umefukizwa mpaka macho yanawasha, kina mama na vikuba vyao vya asumini. Vyombo vya taarabu vilipoanza kupangwa, ustadhi yuleyule aliyefungisha ndoa mchana alivaa makubadhi yake akasema hakai penye laana. Bibi harusi alisikia. Wanja ukamchuruzika.

Sasa nauliza. Ulimi ukifurahia pilau ni neema, pua ikifurahia udi ni suna, sikio likifurahia nyuzi za kanuni, ala ile ya taarabu, na fidla ni laana? Sikio liliumbwa na nani? Kurani, sura ya Al-Aaraf aya ya 32, inahoji nani aliyeharamisha pambo alilowatolea Mwenyezi Mungu waja wake. Na Bukhari, mkusanyaji wa hadithi za Mtume, ana kisa cha wasichana wawili waliokuwa wakiimba sikukuu nyumbani kwa Bi Aisha. Abubakar akawakemea, Mtume akasema waache, kila watu wana sikukuu yao.

MTU WA CHUO:
Umechagua nyama ukaacha mfupa. Bukhari huyohuyo ana hadithi ya watu watakaohalalisha zinaa, hariri, ulevi na ala za muziki. Ustadhi hachukii raha, mbona dufu hupigwa naye yupo? Rusha roho, taarabu za siku hizi, unazijua: mipasho, noti zinatunzwa, alfajiri inaadhiniwa watu ndio kwanza wanatafuta bajaji.

MPARE:
Msidhani ni huko tu. Bibi yangu Msabato, kalima kahawa maisha yake yote na hajawahi kuionja. Wageni wakija anachemsha mchaichai. Ila yeye hakumkataza mtu kikombe chake.

NAHODHA:
Mpare, huyo bibi ndiye ninayemtaka! Ajizuie atakavyo, asimwage cha mwenzake.

Mtu wa Chuo, hadithi hiyo ya ala za muziki mwanazuoni Ibn Hazm aliitilia dosari kwenye isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi; wengi wameihesabu kuwa sahihi, nakubali, lakini ugomvi ni wa wanazuoni wenyewe, si wangu na wewe. Alfajiri kupita, hapo niko nawe. Ila taarabu si rusha roho tu. Ilipata nafasi Unguja katika kasri la Sultani Barghash, na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiliundwa 1905 na Waislamu wanaoswali.

Tena usiku ule hapakuwa na mpasho wowote. Ustadhi anaondoka, mpiga kanuni alikuwa bado anakaza nyuzi.