Wenye studio, acheni kutubadilishia sura za marehemu wetu!

Wakuu, hili jambo nimekaa nalo moyoni nimeshindwa. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa reli pale Tabora. Aliingia kazini miaka michache baada ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) kuundwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika. Picha yake ya ujana iliyobaki ni moja tu, nyeusi na nyeupe, saizi ya pasipoti. Nyuma yake alimwandikia mama maneno machache kwa mkono wake, enzi wanachumbiana. Mama ameitunza ndani ya Biblia miaka yote. Macho yake sasa hayaoni vizuri, akaomba ikuzwe na kutiwa fremu ili aweze kumwona mumewe ukutani. Nikaipeleka studio moja hapa mjini. Maelekezo yangu yalikuwa mafupi: kuzeni, ondoeni mikunjo, basi.

Nilichokabidhiwa ni picha ya mwanaume mwingine.

Ngozi imeng'arishwa mpaka mzee amekuwa mweupe. Kovu la kwenye paji la uso limefutwa. Mwanya umezibwa! Jicho lake la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia, nasi watoto wake wawili tumelirithi; wao wamelilinganisha. Shati lake la kazi wamelitoa, wamemvisha suti na tai ya bluu ambayo hakuwahi kuvaa maishani. Mama aliishika, akaisogeza karibu na dirisha, akaniuliza, "Huyu ni nani, mwanangu?" Mama huyu huyu akishika ile ndogo huanza kusimulia mwenyewe bila kuulizwa: stesheni, barua, siku mzee alipokuja kujitambulisha kwao viatu vikiwa na vumbi. Safari hii hakusimulia kitu. Alinirudishia fremu akaenda chumbani kwake.

Niliporudi studio, kijana akanijibu, "Tumempendezesha dada, wateja wengi wanapenda hivyo." Nani alimwomba ampendezeshe baba yangu?

Na wengi hawajui kinachofanyika humo ndani. Siku hizi hawakai tena kurekebisha picha kwa mkono. Wanaiingiza kwenye programu ya akili mnemba, wanabonyeza, wanasubiri. Programu hizo haziwezi kurudisha kitu ambacho hakimo kwenye picha. Penye ukungu zinabuni, kufuatana na nyuso zilizofundishiwa. GFPGAN, mojawapo ya zile maarufu, iliyotolewa 2021, ilifundishwa kwa mkusanyo wa picha 70,000 za nyuso zilizochukuliwa mtandao wa Flickr. Niambieni, wazee wa Kinyamwezi wa miaka ya 70 ni wangapi humo? Ndiyo maana kila marehemu anatoka na ngozi laini, meno yaliyopangika na macho yanayong'aa, kama sanamu zilizotoka kwenye kalibu moja.

Hata hivyo hilo la kukuza lingerekebishika kama picha halisi ingekuwa salama. Haiko salama. Bila kuniuliza, waliibandika kwa gundi kwenye kadi nyeupe, kisha wakaipitisha kwenye mashine ya laminesheni, "isiharibike." Yale maneno ya baba nyuma yamefunikwa! Picha za zamani zina utando wa jelatini juu, na ile plastiki hugandishwa kwa joto na gundi. Ikishashika, ukijaribu kuibandua unaondoka na sura ya mtu. Kijana akasema hiyo huduma alinifanyia bure. Eti nishukuru.

Msiniambie kazi hii haina watu wanaoijua thamani yake. Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, mwanawe Rohit akairithi, na picha za watu wa zamani zikatunzwa humo miaka na miaka. Hao walielewa kwamba uso wa mtu ni amana.

Ninachodai hakihitaji mtaji. Mteja akileta picha ya zamani, iskaniwe mbele yake, tena kwa ubora mkubwa, dipiai (nukta kwa kila inchi) 600 au zaidi kwa hizi ndogo, halafu apewe yake aondoke nayo. Isilale studio. Isibandikwe, isikatwe, isitiwe plastiki. Mkitaka kugusa uso, mpigieni mwenyewe simu kwanza, na mwonyesheni kazi kabla hamjaichapa. Na skani ambayo haijaguswa ni haki yake, si yenu. Studio imenirudishia hela yangu yote na inadhani tumemalizana. Sikuwa nadai hela.

Nyie wengine mnaopanga kupeleka za kwenu wiki hii, simameni hapo hapo mpaka iskaniwe. Wakikasirika, wakasirike.

Sasa naomba msaada. Kuna mtu anajua fundi au mtaalamu wa makumbusho au nyaraka anayeweza kuitenganisha picha na kadi, hata nipate yale maandishi tu? Pia kama mzazi wako alifanya kazi reli Tabora mwishoni mwa miaka ya 70 au miaka ya 80, na kuna picha za pamoja za wafanyakazi kwenye albamu ya nyumbani, tafadhali niandikie inbox. Nitamtambua mwenyewe, kwa mwanya na hilo jicho.