Collins ya Konyagi na asali ya Tabora: asali inatuama chini

KauntaTabora: Wakuu, heshima zenu. Nataka kutoa Collins, kile kinywaji kirefu cha pombe kali, limau, utamu na maji ya soda, kaunta msimu huu wa joto. Natumia Konyagi 60 ml, maji ya limau 30 ml, asali kijiko kimoja cha chakula, barafu, kisha maji ya soda hadi glasi ijae. Asali inanata chini, na glasi ikifika nusu kinywaji kimeshapooza. Kosa liko wapi?

Mpima Glasi: Asali ikigusana na barafu inakaza, hata ukoroge vipi. Igeuze shira kwanza: asali vipimo viwili, maji ya moto kipimo kimoja. Yasiwe yanachemka, yatafukuza harufu. Ipoe kabisa, ndipo utie 20 ml. Asali ya miombo ina harufu nzito, ukizidisha hapo limau halisikiki. Shira ikae kwenye friji. Ukiona povu, imeanza kuchacha, mwaga.

Mzee wa Barafu: Shira ni nusu ya tatizo. Konyagi ina kilevi asilimia 35, jini nyingi zinaanzia 40 hivi, kwa hiyo haivumilii maji mengi. "Hadi glasi ijae" ndiyo inayokuharibia: maji ya soda 90 ml, basi. Jerry Thomas, mhudumu wa baa wa Marekani, kwenye toleo la mwaka 1876 la kitabu chake cha vinywaji, alitikisa jini, limau na shira pamoja na mapande mawili matatu tu ya barafu, akachuja, ndipo akajaza maji ya soda. Soda usiitikise kamwe, chombo kitakufumukia. Na itoke kwenye friji, ya vuguvugu inapoteza gesi ikigusa glasi tu. Barafu gandisha kwenye kontena la nusu lita, uvunje mapande makubwa; chenga zinayeyuka upesi.

KauntaTabora: Limau likiadimika, ndimu inafaa?

Mzee wa Barafu: Inafaa. Anza na 25 ml, uonje.

Bi Ujiji: Chenga nazo zina kazi yake, mzee wangu. Cobbler, kinywaji cha divai na matunda cha zamani hizohizo, haiendi bila chenga: sheri (divai kali ya Uhispania) 90 ml, sukari kijiko cha chai, vipande viwili vya chungwa, tikisa mpaka chungwa lipondeke, mimina juu ya glasi iliyojaa chenga, weka mrija. Huku Kigoma sheri ni ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo weka divai nyeupe tamu ya Dodoma na sukari uiache. Barafu ifunge kwenye kitambaa kikavu uitwange na mchi. Kitambaa kinanyonya maji, chenga zinabaki kavu.