Tupeane uzoefu: uliyepungua na kilo hazijarudi, unafanyaje?

Wakuu, kupungua najua, nimepungua mara tatu. Kubaki hapo ndiko kunanishinda. Mwaka juzi niliacha ugali kabisa, nikatoka kilo 97 hadi 81 ndani ya miezi minne. Nilipourudia, kilo zikarudi zote na mbili za nyongeza. Niko Buhongwa, Mwanza, kazi ya kukaa. Mliovuka miaka miwili, semeni.

*Mama Wawili, Igoma:*
Mwaka wa nne huu, kilo 14. Ugali sijaacha, Usukumani unaachaje ugali? Nimepunguza tonge, mchicha ukaongezeka, sato nachemsha badala ya kukaanga. Soda ndiyo niliaga moja kwa moja. Ila kilichonitesa si njaa, ni maneno. "Mama Wawili umeisha hivyo, unaumwa?" Wifi alinivuta pembeni msibani, akaninong'oneza nikapime. Nusura nianze kujishindilia wali ili watu wanyamaze. Nikapima, niko salama, nikawaambia. Wakahamia kwa mwingine.

*Dagaa Mkavu:*
Mimi sina siri. Nilipanga Igogo juu kwenye mawe kwa sababu kodi ni nafuu, bodaboda inaniacha chini. Kila siku napanda, na ukisahau chumvi unashuka tena. Kilo 11 zilienda, mwaka wa tatu hazijarudi.

*Nesi Mstaafu:*
Mleta mada, hukushindwa wewe. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, na njaa inapanda, kwa hiyo ukirudia sahani ileile lazima unenepe. Marekani tangu 1994 wana rejista, National Weight Control Registry, ya watu waliopungua angalau kilo 13 na ushee na kukaa mwaka mzima bila kuzirudisha. Tisa kati ya kumi hufanya mazoezi, kwa wastani kama saa moja kwa siku, hasa kutembea. Watatu kati ya wanne hupanda mzani angalau mara moja kwa wiki. Haimaanishi mzani ni dawa, ila kilo mbili unaziona kabla hazijawa kumi. Na acha kuacha vyakula kabisa. Kitu usichoweza kukifanya Krismasi ijayo, usikianze leo.

*Mleta mada:*
Shikamoo Nesi. Mzani nanunua mwisho wa mwezi. Dagaa Mkavu, huko juu bado kuna chumba?